Santuri Zetu Katika Matangazo: Kutoka Bombay 1928 hadi London 1987

Kila inapofika Desemba 9, jumuiya zetu hapa Uingereza hukodi ukumbi, akina mama wakapika pilau, wakubwa wakatoa hotuba, na mwisho hupigwa muziki wa nyumbani. Watoto waliozaliwa huku huuliza maswali ambayo sisi wazazi huyajibu nusunusu: nyimbo hizi ni za lini, nani alizirekodi, na watu walijuaje kwamba zimetoka? Wao wanajua wimbo umetoka kwa sababu simu imewaambia. Zamani habari hiyo ililetwa na karatasi. Mwenye kuuza santuri alikwenda kwa mpiga chapa, akapimiwa nafasi gazetini kwa inchi, akachagua picha moja na maneno machache, akalipa, akaomba Mungu.

Mimi nimekula mkate wa uchapaji kwa miaka mingi, na macho yangu mpaka leo huenda kwenye tangazo kabla ya habari. Kwa hiyo mhariri aliponiomba niandike juu ya muziki wetu kwa toleo hili la Uhuru, nilimwambia nitaandika juu ya matangazo yake. Alicheka kidogo, lakini akakubali.

Tuanze na neno lenyewe, albamu, maana vijana wanalitumia bila kujua lilikotoka. Santuri za kwanza zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba wimbo wa dakika tatu hivi. Zilikuwa nzito, zimetengenezwa kwa gundi ngumu itokanayo na wadudu wa miti ya India, na zikianguka zilivunjika kama sahani ya udongo. Aliyetaka kuuza kazi ndefu alizipanga santuri kadhaa katika mifuko ya karatasi iliyofungwa pamoja kama kitabu cha picha. Kitabu hicho ndicho kilichoitwa albamu. Jalada lake kwa kawaida lilikuwa kavu, rangi moja, na jina limepigwa mgongoni. Mwaka 1940 kijana mmoja wa Marekani, Alex Steinweiss, aliyekuwa mchoraji wa kampuni ya Columbia, aliwashawishi wakubwa wake wamruhusu achore jalada kama bango la ukutani. Tangu hapo jalada na tangazo vimekuwa ndugu wa tumbo moja: picha uliyoiona gazetini ndiyo uliyoitafuta dukani.

Lakini tangazo la santuri lililojulikana kuliko yote duniani lilitangulia hayo. Ni yule mbwa. Mchoraji Francis Barraud wa hapa Uingereza alimchora mbwa aitwaye Nipper akisikiliza sauti katika mashine. Kwanza alichora mashine ya kampuni nyingine. Mwaka 1899 Kampuni ya Gramophone ikakubali kuinunua picha kwa sharti kwamba aifute mashine ile na kuchora ya kwao juu yake. Alilipwa pauni 50 kwa picha na pauni 50 kwa haki ya kuitumia. Picha hiyo ikaitwa His Master's Voice, yaani sauti ya bwana wake, na kampuni yenyewe ikaja kuitwa kwa herufi za jina hilo, HMV. Mtazame mbwa huyo kwa jicho la mchapaji utaona ufundi wake. Hakuna neno hata moja linalosema mashine hii ni nzuri. Kuna mnyama tu anayedanganyika kuwa mtu yumo ndani.

Mbwa huyo ndiye aliyefika Unguja akiwa katikati ya santuri za Siti binti Saad.

Wengi mnaijua habari ya Siti, na ambaye haijui amtafute Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika ukoo wa watu wa chini waliotoka utumwani, na jina alilopewa ni Mtumwa. Aliuza vyungu mjini kabla ya sauti yake kujulikana. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, lilikuja baadaye. Mwaka 1928 alipanda meli kwenda Bombay pamoja na wenzake, akina Subeit Ambar, Budda Swedi na Mbaruk Talsam, kuirekodia HMV nyimbo kwa Kiswahili. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Kwa nini Bombay? Kwa sababu kampuni ilikuwa na tawi kubwa India, na biashara ya Unguja na India ilikuwa ya tangu enzi za majahazi. Kuwapakia wanamuziki melini kulikuwa rahisi kuliko kuzileta mashine.

Sasa fikirini hali ya mwenye duka pale Unguja aliyetaka kuzitangaza santuri hizo. Angeweza kununua nafasi katika gazeti, lakini magazeti mengi ya Kiswahili yaliandikwa kwa herufi za Kirumi, na wengi wa wasikilizaji wa Siti waliojua kusoma walijifunza herufi za Kiarabu chuoni. Wanawake wengi hawakusoma kabisa. Na nembo aliyopewa na kampuni ni mbwa, mnyama ambaye katika nyumba nyingi za pwani haruhusiwi kuvuka kizingiti. Mchapaji yeyote angesema tangazo hili limekufa kabla ya kuzaliwa. Hata hivyo santuri zilinunuliwa Unguja, Mombasa, Lamu, Tanga na bara. Zilipigwa migahawani, watu wakijazana na vikombe vyao vya kahawa, na mtu aliyesikia wimbo aliuliza: huyu nani? Akaambiwa. Basi. Kilichouza santuri ni jina, na jina lile lilikuwa limechapwa pale kwenye karatasi ndogo ya mviringo katikati ya santuri. Kwangu mimi karatasi ile ndiyo tangazo la kwanza la muziki wetu. Aliyezaliwa Mtumwa, jina lake limepigwa chapa ng'ambo ya bahari chini ya nembo ya kampuni ya Kizungu, nalo limeandikwa Siti.

Miaka ya baada ya vita kuu ya pili nitaipita haraka. Biashara ilihamia Nairobi na Mombasa. Palikuwa na lebo ya Jambo Nairobi, palikuwa na Mzuri ya duka la Assanand pale Mombasa, na baadaye Equator, ambako Fadhili William alirekodi Malaika. Jambo moja tu linanichekesha katika enzi hiyo. Badala ya matangazo kuwauza wanamuziki, wanamuziki waliuza bidhaa. Wapiga magitaa wa Katanga waliokuwa wakipendwa Nairobi, Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo, walitumiwa kutangaza, mmoja vidonge vya Aspro na mwenzake Coca-Cola. Watu wa umri wangu walianza kuijua sura ya mpiga gitaa kwa kumwona ameshika chupa ya soda.

Ikaja Desemba 9, 1961. Hapa vijana wetu hushangaa, maana wanadhani nchi ikishapata Uhuru basi na santuri zitatoka kwa wingi. Haikuwa hivyo. Tanganyika, na baadaye Tanzania, haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, mikanda ikawekwa maktaba, na wimbo ukasikika redioni nchi nzima, asubuhi, mchana na jioni. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, na njia hiyo nayo ikawa ya taabu. Kwa hiyo tulikuwa na bendi kubwa zenye nyimbo mamia, zinazojulikana kwa kila mtoto, na hazina albamu. Na kama hakuna albamu, utatangaza nini?

Walitangaza dansi. Nje ya kumbi za Dar es Salaam, kama DDC Kariakoo na Vijana Kinondoni, palisimama ubao uliopakwa rangi kwa mkono: jina la bendi, siku, saa, kiingilio. Mafundi wa mbao hizo hawakusoma popote ufundi wa matangazo, lakini walijua kanuni ambazo mimi nilizilipia ada chuoni. Herufi za jina la bendi zilikuwa nene, zina kivuli, zinasomeka na mtu aliye ndani ya basi linalokwenda. Na juu ya jina la bendi, au chini yake kwa rangi nyekundu, uliandikwa mtindo.

Mtindo ndio jambo la pekee la dansi letu. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, jina la namna ya kucheza na kupiga, ambalo lilibaki hata wanamuziki wakihama. NUTA Jazz ikawa JUWATA, ikawa OTTU, lakini mpenzi wa bendi hakusumbuka na vifupisho hivyo vya chama cha wafanyakazi. Yeye alisema anakwenda Msondo. Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978 na baadaye ikawa chini ya shirika la DDC, ilichukua Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, na ikajiita ngoma ya ukae, yaani ya nyumbani. Makampuni ya huku hulipa wataalamu fedha nyingi kutafuta neno moja litakaloshika vichwani mwa watu. Sikinde na Msondo yalishika bila mtaalamu. Nimewahi kuona mzee wa Reading na mzee wa Leicester, wote watu wazima wenye wajukuu, wakikatazana kupita kwenye mlango wa ukumbi kwa sababu ya maneno hayo mawili.

Upande wa pili wa hali ile haukuwa mzuri. Wimbo uliotangazwa na ubao ulilipwa kwa kiingilio cha usiku ule. Wimbo uliopigwa redioni haukumletea mtunzi mrabaha wa maana. Kanda zilizonakiliwa vibandani Kariakoo zilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: jina la bendi, na mara nyingi hilo tu. Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Rehani Bitchuka, Cosmas Chidumule, Michael Enoch aliyefundisha kizazi kizima kupiga: majina yao tuliyajua kwa sababu watangazaji wa redio waliyataja na kwa sababu waimbaji walitajana ndani ya nyimbo. Kwenye karatasi hayakuwepo. Sheria ya hakimiliki iliyotuletea COSOTA ilikuja mwaka 1999, na kufikia hapo mikanda mingi ilikuwa imekwisha kunakiliwa mara zisizohesabika. Anayekwenda kudai chake sharti aoneshe karatasi, na karatasi ya kanda ya Kariakoo haikuwa na jina lake.

Turudi huku tulipo. Waliofika London miaka ya 1980 wanalikumbuka duka la Stern's. Lilianza kama duka la vifaa vya umeme karibu na Tottenham Court Road, likawa linauza santuri za Kiafrika pembeni, na mwaka 1983 likafunguliwa upya Whitfield Street kama duka kamili la muziki wa Afrika. Mtu wa Magomeni aliyeona baridi ya Januari aliweza kuingia pale akasikia gitaa analolijua. Shida ilikuwa madukani kwingine. Mwenye duka la kawaida la Kiingereza akiletewa santuri ya Orchestra Makassy au Super Mazembe, ambazo kampuni ya Virgin ilizitoa mwanzoni mwa miaka hiyo, hakujua aiweke wapi. Rafu ya rege? Ya jazi? Akaiweka chini ya meza, isionekane.

Ndipo tunafika jioni ya Juni 29, 1987, katika baa iitwayo Empress of Russia, St John Street, Islington. Walikutana wenye kampuni ndogo ndogo za santuri, waandishi na watangazaji: Joe Boyd wa Hannibal, Ben Mandelson na Roger Armstrong wa GlobeStyle, Charlie Gillett mtangazaji, Ian Anderson wa jarida la Folk Roots, watu wa Stern's na wa WOMAD. Hawakukutana kubuni aina ya muziki. Walikutana kutafuta neno la kuandika kwenye kadi ya rafu na juu ya tangazo. Majina kadhaa yaliwekwa mezani, lile la "tropical" likakataliwa kwa kuwa Bulgaria haina minazi, lile la "ethnic" kwa kuwa linanuka chuo kikuu. Mwishowe wakakubaliana "World Music". Kila kampuni ikakubali kuchangia pauni 50 kwa kila albamu iliyotaka kuitangaza, zikapatikana jumla ya pauni 3,500 hivi. Kwa fedha hizo walimwajiri mtu wa kuzungumza na magazeti, wakachapa kadi za rafu na matangazo, wakashirikiana na gazeti la NME kutoa kanda, na Oktoba ya mwaka huo ikatangazwa kuwa mwezi wa muziki huo.

Pauni 3,500! Kampuni kubwa zilikuwa zikitumia zaidi ya hizo kwa nywele za mwimbaji mmoja. Lakini neno lile lilishika, likafika mpaka tuzo za Grammy, ambazo ziliacha kulitumia mwaka 2020 baada ya malalamiko ya miaka mingi. Wapo wanaosema lilitutia sote katika kapu moja, Mpemba na Mbulgaria. Ni kweli. Hata hivyo mimi siwezi kuwalaani watu wale wa Islington, kwa sababu nakumbuka rafu zilivyokuwa kabla yake. Mwenye duka aliipata kadi, akaiweka, na santuri ya Ikhwani Safaa ikatoka chini ya meza.

Maana miezi michache baadaye GlobeStyle walikwenda Unguja na Mombasa na mashine zao, wakatoa mfululizo wa albamu nne za taarab ya Unguja, zikiwemo za Ikhwani Safaa, kikundi cha tangu 1905, na Culture Musical Club. Zikafuata za Tanga na Mombasa, Black Star na Lucky Star, Zein, Maulidi, Zuhura Swaleh. Zina maelezo marefu ndani, majina ya wapigaji yapo, na vyombo vimetajwa kimoja kimoja. Ninyi mlio na CD hizo kabatini, zifungueni mwasomee watoto. Tangazo lake gazetini lilikuwa la kawaida: rangi nyeusi na nyeupe, nembo, namba ya santuri. Lakini aliyebuni alilazimika kueleza taarab kwa Mwingereza kwa maneno yasiyozidi kumi, naye akachagua visiwa, karafuu na harusi. Mshairi hakupata nafasi. Kwetu taarab ni shairi kwanza; watu huuliza maneno ni ya nani kabla ya kuuliza fidla ni ya nani. Katika kulihamisha tangazo kutoka Unguja hadi London, kitu cha kwanza kilichoachwa bandarini ni jina la aliyetunga.

Remmy Ongala lilimpata jambo jingine. Alizaliwa Kindu, Kongo, akawa Mtanzania wa Dar es Salaam kuliko waliozaliwa Dar es Salaam. Kanda yake ililetwa Uingereza na rafiki, ikawafikia watu wa WOMAD, akaalikwa yeye na Super Matimila. Albamu yake ya Real World ya mwaka 1989 ni miongoni mwa za mwanzo za kampuni hiyo, na ilipewa jina la Kiingereza, Songs for the Poor Man. Real World walikuwa na mpango mmoja kwa albamu zote: utepe wa rangi ubavuni, ili mnunuzi aliyependa moja aitambue nyingine hata kama hajui jina la msanii. Ni ubunifu mzuri, ningeufundisha darasani. Ila ulimtangaza mwenye kampuni kwanza na msanii pili, kama mbwa wa HMV alivyofanya miaka 60 nyuma. Remmy mwenyewe alikuwa na njia yake. Alijiita Sura Mbaya, tena hadharani, kwa kujivunia. Hakuna ofisi ya matangazo ya London ambayo ingethubutu kumwandikia msanii wake maneno hayo, na hakuna mtu wa Dar es Salaam aliyeyasahau.

Siku hizi vijana wa jumuiya zetu hutengeneza matangazo ya albamu na maonesho kwa programu za simu, na baadhi yake yamo katika kurasa za mwisho za jarida hili. Ni mazuri kuliko yetu ya zamani, rangi zimetulia, picha ni safi. Ninao ugomvi mmoja nao. Nimehesabu matangazo ya toleo lililopita: majina ya wadhamini yameandikwa yote, jina la ukumbi lipo na msimbo wa posta, na mpiga gitaa hayumo. Mtunzi hayumo. Nafasi ya mstari mmoja ipo kila mara, hata katika robo ukurasa. Punguzeni kivuli cha herufi, itapatikana.

Remmy alifariki Desemba 2010. Kule Sinza, karibu na alipokuwa akiishi, kituo cha daladala kinaitwa Kwa Remmy. Konda anaining'iniza miguu mlangoni na kulitaja jina hilo mara nyingi kwa siku, kwa abiria ambao baadhi yao hawakuzaliwa wakati santuri ile inatoka.